Pampu Yangu na Kanzu ya Mchungaji

Jamani, nimefanya vituko vingi, ila hiki cha Kalenga bora mkisikie kwangu kuliko kwa shangazi Rehema, maana yeye akikisimulia ananiongezea hata makosa ya watu wengine.

Nilikuwa nasoma uhandisi chuoni Mbeya, na mradi wangu ulikuwa pampu ya hewa, yaani unazamisha bomba kisimani, unapuliza hewa kule chini, viputo vikipanda vinabeba maji, basi. Kabla ya kuitengeneza nikaiigiza kwanza kwenye kompyuta, nayo ikataka kujua kina cha maji. Badala ya kwenda kijijini Kalenga na kamba na jiwe, nikampigia shangazi simu.

"Shangazi, kisima cha bustani ya kina mama wa kanisa kina maji kiasi gani?"

"Mengi! Mtu mzima anazama na kofia yake."

Nikaandika mita tatu. (Sikuuliza alichungulia lini mara ya mwisho.) Kwenye kioo maji yakapanda vizuri, ya bluu kabisa, mpaka nikamtumia shangazi video, naye akawaonyesha kina mama wa kanisani, akawaambia waachane na habari za pampu ya injini kwa bustani yao, mwanawe anakuja.

Nikafika mwezi wa kumi, kiangazi kimekolea, na mabomba yangu na kompresa niliyoazima kwa fundi pancha. Nakuta kina mama wako kwenye vitenge vya sare, na mchungaji kaja na kanzu nyeupe kuyaombea maji. Hapo ndipo ningesema "subirini nipime", lakini nikaona haya kupima mbele ya watu walioshaiona video.

Nikawasha. Bomba likacheua. Likacheua tena, kama mtu aliyezidisha pombe ya ulanzi, tone halikutoka. Mchungaji akaliinamia, akasema kwa upole, "Binti, upepo tumeupata. Maji je?"

Kina mama wakaanza kuchekea ndani ya vitenge vyao. Mimi kwa kiherehere nikafungulia hewa yote, na kumbe mle kisimani maji yalikuwa ya magotini tu, chini yake tope tupu, basi tope likapanda kwa mkupuo mmoja likamvaa mchungaji kuanzia kipara hadi kanzu, na kachura kadogo kakatua begani.

Kisha nikamsikia shangazi, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu, si wangu."

Ile kanzu niliifua mwenyewe, mara tatu. Kesho yake nikapima kwa kamba, nikaandika kina cha kweli, na kompyuta ikanionyesha viputo vikitoka vitupu, maana maji ya magotini hayatoshi kubebwa, vilevile kama jana yake. Kina mama wakachukua pampu ya injini.

Tangu hapo siandiki namba niliyoambiwa kwa simu, hata aniambie mama mzazi. Mkinikuta nimelala kifudifudi kwenye ukingo wa kisima cha watu, msidhani nimezidiwa. Napima.