Maua ya Lesi kwa Mke Mwenza

Fatu hupaka rangi kuta za ndani, na Handeni mjini wenye nyumba wanamjua kwa maua ya lesi. Hupaka rangi ya krimu, huiacha ikauke, kisha hubandika ukutani pazia la lesi na kuligongagonga kwa sponji yenye rangi ya pili. Pazia likibanduliwa, maua yanabaki. Pazia lenyewe lilining'inia chumbani mwake alipoolewa na Mustapha.

Mustapha alipooa mke wa pili na kumjengea nyumba Mkata, alimwomba Fatu akampakie mwenzake sebule. "Nyumba zangu zifanane," alisema, "nisije nikaambiwa napendelea."

Fatu alikubali haraka mno. Alitaka kuiona hiyo nyumba.

Aliiona. Madirisha ya alumini. Yake ni ya mbao. Dari ya jipsamu. Yeye hulala akitazama bati. Zifanane nini?

"Shikamoo, dada," Hafsa, yule mke mdogo, akampokea ndoo. "Naomba maua yaleyale ya kwako."

"Yaleyale?"

"Ndiyo. Kila anayetoka kwako anayasifia."

Fatu alikuwa amekusudia kumpakia rangi moja tu, aondoke. Akabadili nia. Mustapha akija kukaa kwa mdogo, na aikodolee macho kazi ya mkubwa. Akagonga maua ya kijani juu ya krimu, yamepangika kuliko hata ya sebuleni kwake.

Siku ilikuwa ya mawingu, na ukuta ulikuwa bado mbichi Mustapha alipoingia. Akautazama, mikono nyuma.

"Mashallah! Hafsa, wewe una jicho. Umechagua vizuri kweli."

Fatu akangoja aendelee. Hakuendelea.

Akachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji, akaanza kufuta kutoka mlangoni, kwa mkono mpana kama anayepangusa meza. Maua yakawa matope ya kijani.

"Mama Athuman!" Mustapha akamfokea mkewe mkubwa. "Una wazimu?"

"Si una mke mwenye jicho? Mwambie akutafutie na mwenye mkono."

Hafsa alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. "Mimi sijachagua kitu," akamwambia mumewe. "Nimesema nataka kama ya dada. Kazi ni yake."

Fatu alimsikia. Mkono ukasita kidogo.

"Umechelewa kusema," akamjibu, akasogeza kochi ili afute na nyuma yake.