Kadi Isiyopewa Jembe

Hakuna kitu kilichompandisha Mizani hasira kama kumkuta mtu amemsimamisha shujaa wa gemu juu ya paa, kamwinua uso atazame mbingu, halafu anamwambia mteja, "Umeona kadi inavyopaa?"

Inapaa kwenda wapi? Kazi ya kadi ya picha ni kuchora kila unachokiona kwenye skrini, jani kwa jani, tofali kwa tofali, tena upesi kabla jicho halijapepesa. Ukiitazamisha mbingu inachora nini? Buluu na kiwingu kimoja. Hata kadi yenye mguu mmoja kaburini itaweza, na ile namba ya kasi pembeni mwa skrini itapanda kama homa ya mtoto. Lakini nani anayenunua kadi ili akatazame mbingu? Mbingu iko nje, tena bure.

Na aliyefanya hivyo safari hii hakuwa mtu baki. Alikuwa mjomba wake.

Mizani ni jina alilobandikwa na wateja, likamganda. Duka la mjomba lilikuwa ghorofani, chumba chembamba kati ya mtu wa kudurufu na muuza miwani, chenye harufu ya vumbi lililopulizwa kutoka kwenye mashine. Walinunua kompyuta kuukuu na vipuri vyake, wakavisafisha, wakaviuza. Mjomba alikuwa na ulimi, Mizani alikuwa na jicho. Mjomba ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Ndiye aliyemkalisha mbele ya kompyuta ya kwanza maishani mwake, akamwambia, "Bonyeza mwanangu, haing'ati."

Basi akabonyeza, na akajifunza kuchagua gemu za kupimia kadi. Watu hudhani ni kazi ya kucheza. Waliothubutu kumwambia hivyo waliambulia jicho. Gemu unayoipenda si lazima iwe gemu ya kupimia. Moja nzuri sana aliikataa kwa sababu ilifungwa breki na walioitengeneza: kadi kali na kadi goigoi zote zilifika namba ileile zikakwama hapo. Nyingine aliikataa kwa sababu kila ukiifungua hali ya hewa imebadilika, leo jua, kesho ukungu. Utapimaje nguo mbili kwa futi inayorefuka na kufupika?

Gemu ya mpira aliibakiza, maana nusu ya wateja hawachezi kingine, na si haki kuitesa kadi ya mtu anayetaka mpira tu. Akaongeza mbio za magari kwenye mvua, kwa ajili ya zile taa zinazong'aa juu ya lami iliyolowa. Mwisho akaweka gemu ya msituni. Hiyo ndiyo ilikuwa kiboko. Kila jani lina kivuli chake, na kila kivuli kinatikisika. Alipita njia ileile kila mara, kutoka darajani hadi kwenye kibanda kilichoungua, akarudi, akaenda tena, mpaka kadi ishike moto.

Maana kadi baridi ni mgeni wa siku ya kwanza: ana adabu, anasaidia hata kuosha vyombo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hiyo pale dukani walikuwa na msemo wao. Mjomba akiuliza, "Hii imepewa jembe?" Mizani hujibu, "Imelima," na kadi inakwenda kabatini. Isiyolima inakwenda kwenye ndoo ya vipuri. Ndivyo duka lilivyojijengea jina zuri.

Binti mchanga wa Mizani alikuwa akilala chini ya meza ya kupimia, ndani ya boksi la skrini lililotandikwa kanga. Mtoto yule alikuwa na ajabu yake. Feni za kadi zikianza kunguruma msituni, anafumba macho kama amebembelezwa na bibi yake. Zikizima, anaamka na kilio.

Kisha ukaingia mzigo. Mjomba alinunua kadi nyingi kwa mkupuo, zilizokuwa zimefanyishwa kazi mchana na usiku mahali fulani, hakusema wapi. Mizani akazipa jembe. Ya kwanza ilifika darajani, picha ikakatika vipande kama kioo kilichodondoka. Ya pili hata kibanda haikukiona. Alizijaribu zote, na zilizolima alizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, tena vikabaki.

Siku ya pili alipofika dukani, gemu ya msituni haikuwepo. Mbio za mvua hazikuwepo. Kulikuwa na gemu moja tu, na shujaa kasimama juu ya mnara, uso juu, anahesabu mawingu. Mlangoni kulikuwa na karatasi kubwa: KADI ZOTE ZIMEPIMWA NA MIZANI.

"Mjomba, hii nini?"

"Biashara."

"Mbona mimi sijazipima hizi? Yaani nimezipima, zimeshindwa!"

"Zimeshindwa kwenye gemu zako za kutesa watu. Nani alikwambia kila mtu anaishi msituni?"

"Na nani anaishi mbinguni? Malaika ndio wateja wetu siku hizi?"

Mjomba alicheka. Alikuwa na kicheko cha kufungua mikoba ya watu. "Mpwa wangu una maneno. Haya, mnyonyeshe mtoto, analia."

Kweli mtoto alikuwa analia, na alilia siku nzima. Kuichora mbingu hakuipi kadi jasho, na feni zilizunguka kimyakimya kama zinanyatia. Mizani alimbeba, akamtembeza kati ya kabati na mlango, na kila alipofika mlangoni akalikuta jina lake pale, kubwa, limebeba uongo ambao yeye hakuusema. Afadhali mtu akuibie kanga kambani, utamwona nayo njiani. Huyu kaiba jina, na mwenye jina yuko humohumo ndani, anapewa salamu.

Mchana akaingia kinyozi wa mtaa wa chini, mtu mpole mwenye vipande vya nywele kwenye ukosi. Alitaka kufungua chumba cha gemu nyuma ya saluni yake. Alikuwa ameshauza pikipiki yake apate mtaji.

"Shikamoo mzee," alimwambia mjomba, kisha akamgeukia Mizani. "Dada, mimi hizi kadi sizijui hata zinavyokaa. Nimesoma pale mlangoni. Ukisema wewe, mimi nimemaliza."

"Marahaba, marahaba, karibu kiti!" Mjomba alikuwa ameshawasha mashine. "Tazama namba hiyo. Hiyo si kadi, ni swala!"

Kinyozi akatazama. Skrini nzima buluu. "Inakwenda, eh? Nifungie zote basi."

Mizani alimlaza mtoto kwenye boksi. "Kaka, vijana wako watacheza nini?"

"Hii hii ya mnara, wanaipenda sana. Wanakimbizana sokoni kule chini, wanarushiana matunda."

"Sokoni," alisema Mizani. Akavuta kiti, akashika kipanya. Akamshusha shujaa macho.

Namba ikaporomoka.

"Aa, hiyo ni kawaida," mjomba akadakia. "Mizani, hebu kashuke ulete chai."

"Chai nitaileta." Hakuinuka. Alimshusha shujaa ngazi, akamwingiza sokoni katikati ya watu, na mapipa, na matunda, na moshi wa majiko. Feni zikaanza kunguruma. Chini ya meza kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha. Mtoto akalala.

"Mizani. Nimesema chai."

"Ngoja ishike moto, mjomba. Si wewe uliyenifundisha? Mgeni mpe jembe."

Kinyozi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Sokoni mwanamke mmoja akawa hana kichwa. Mapipa yakageuka rangi ya waridi. Kisha skrini yote ikapasuka vipande, ikawa nyeusi, na feni zikasimama ghafla. Duka likawa kimya.

Mtoto akaamka, akapiga yowe.

Kinyozi aliinuka taratibu, akapangusa nywele ukosini. "Asante dada," alisema, akatoka.

"Umefurahi?" Mjomba alimgeukia. "Nimekulea, nimekulisha, leo unanivua nguo mbele ya mteja?"

"Ulinilea, mjomba. Hukunifuga." "Ungeandika jina lako pale mlangoni ningenyamaza, pengine. Umeandika langu. Rudisha msitu, au nitoe jina."

"Duka ni langu. Chagua njia."

Basi akachagua. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua kanga iliyokuwa kwenye boksi, akaenda mlangoni. Gundi ilikuwa bado mbichi upande mmoja, upande wa pili imekauka. Alilibandua jina lake kwa ukucha, herufi moja moja, muuza miwani akiwa amesimama mlangoni kwake anatazama. Maneno mengine aliyaacha. Mlangoni pakabaki: KADI ZOTE ZIMEPIMWA NA, halafu kovu jeupe la gundi.

Chini ya ngazi kinyozi alikuwa anamsubiri, mikono mfukoni.

"Sasa dada, nikanunue wapi mimi?"

"Sijui, kaka. Ningejua ningekwambia." Alimpangusa mtoto machozi, kisha akajipangusa yake kwa kona ileile ya kanga. "Ila popote utakapokwenda, waambie wamshushe shujaa macho. Na usiondoke mpaka ishike moto."

"Si bora twende wote?" alisema kinyozi. "Mimi nikiona namba kubwa nachanganyikiwa."

Mizani aliangalia juu, kwenye dirisha la duka. Mjomba alikuwa amesimama pale, hakupunga mkono wala hakuondoka. Akakaza fundo la mbeleko.

"Twende," alisema. "Lakini tupite kwanza penye kelele kidogo, huyu alale."