Barua Mbili za Mjomba

Mjomba wangu anatengeneza meno. Hang'oi wala hazibi, anatengeneza. Anayeng'oa ni bosi wake, mama mmoja daktari mwenye kliniki ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Mjomba yuko chumba cha nyuma na nta yake, jasi yake, taa ndogo ya spiriti, na mashine ya kusugulia ambayo ikiwashwa hata mgonjwa aliye kwenye kiti kule mbele anaruka. Ukikosa meno matatu ya mbele, bosi anakupa kitu laini uking'ate, na kitu hicho kinapelekwa kwa mjomba kikiwa bado na mate yako. Siku ya nne au ya tano unapewa meno yamekaa kwenye fizi ya waridi, na rangi yake imelinganishwa na yale yaliyokubakia, hata kama yaliyokubakia ni ya kahawia kwa sababu ya sigara.

Kwa kazi hiyo watu wanamwita Daktari. Mtaani kwetu ukitoka na koti jeupe hadi dukani kununua mkate, basi wewe ni daktari, na mjomba koti lake hakulisahau hata siku moja. Baba Pacha, jirani yetu anayetengeneza malori, alikuwa anatugongea mlango kuuliza dawa ya kikohozi cha watoto wake. Mjomba alikuwa anasafisha koo kwanza, kisha anajibu. Sikuwahi kumsikia akisema yeye si daktari. Sikuwahi kumsikia akisema ni daktari pia. Alikuwa anaitika tu.

Sisi ni wageni nchi hii. Tumeishi miaka sita kwa kibali cha kazi, kinachokwisha na kuombwa upya, kinakwisha na kuombwa tena. Safari hii kilikuwa kinakwisha siku ya Ijumaa na hakikuwa cha kuombwa tena. Njia ilikuwa moja: kuomba ukaazi wa kudumu kama mtu mwenye ujuzi adimu. Serikali ina orodha ya kazi hizo, na fundi wa meno bandia yumo, kati ya fundi wa lifti na fundi wa mizani. Ombi likipokelewa kabla ya kibali kwisha, unakaa kihalali ukisubiri jibu. Lisipopokelewa, unafunga virago. Na mjomba akipata ukaazi ndipo ataweza kumleta mke wake na binti yake, ambaye alimwacha anatambaa na sasa anasoma darasa la pili.

Ombi haliendi kwa posta. Ni lazima ufike mwenyewe, na kila aliyetajwa kwenye fomu afike, apigwe picha, aweke vidole. Ndiyo maana na mimi nilikuwepo. Miadi yetu, tuliyoisubiri miezi miwili, iliangukia Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa ile.

Tulifika saa moja asubuhi na foleni ilikuwa imeshazunguka kona. Mjomba hakuweza kusimama sehemu moja. Alifungua bahasha akahesabu karatasi, akafunga, akapiga hatua tatu mbele, akarudi, akafungua tena. Alikuwa amevaa suti, na suti ile ilikuwa inambana kwapani. Aliniuliza kama nimeleta picha nne. Nikamwambia nimeleta. Baada ya dakika mbili akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya kunilaumu kama vile nimezisahau.

Mbele yetu watu kama sita alikuwepo Baba Pacha, naye amekuja kwa jambo hilohilo. Alipotuona alipaza sauti foleni nzima ikageuka: Daktari, na wewe unapanga foleni na sisi mafundi spana? Watu wakacheka. Mama mmoja aliyebeba mtoto akampisha mjomba asogee mbele, maana daktari huenda ana wagonjwa wanaomngoja. Mjomba akashukuru, akasogea. Nilimwangalia. Aliangalia viatu vyake.

Ndani kulikuwa na viti vya chuma vilivyoungwa pamoja, mtu mmoja akitikisa mguu safu nzima inatetemeka. Safu yetu ilitetemeka kuanzia saa mbili hadi saa nne na robo. Kisha namba yetu ikawaka juu ya dirisha la sita.

Dirisha lile lilikuwa na kioo kinene chenye matundu madogo, na nyuma yake dada mmoja wa makamo hivi, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Hakuwa mkali. Alipokea bahasha, akatoa karatasi moja moja na kuzilaza kama mtu anayepanga karata. Fomu, sawa. Vyeti, sawa. Kibali, akaangalia tarehe, akamwangalia mjomba, sawa. Akafika kwenye barua ya mwajiri, akaisoma, akairudia. Kisha akairudia fomu.

Akauliza kwa nini fomu inasema fundi wa meno bandia, na barua ya mwajiri inasema Daktari, mara nne, pamoja na kichwa cha habari.

Hapa lazima nieleze ile barua. Bosi hakuiandika yeye. Bosi ni mtu wa haraka. Alimwambia mjomba aandike mwenyewe anavyotaka, atamtilia sahihi. Mjomba akaiandika Jumapili nzima pale mezani tunapolia chakula, akifuta na kuanza upya. Aliandika vizuri kabisa. Aliandika Daktari huyu ni mchapakazi, Daktari huyu ni mwaminifu. Nilipomuuliza kuhusu neno hilo alinijibu kwamba barua ya mtu mzima haiwezi kwenda serikalini bila heshima. Bosi aliisaini kati ya mgonjwa na mgonjwa, mkono mmoja ukiwa bado na glavu, na mhuri akaugonga pale pale.

Mjomba akamweleza yule dada kwamba kazi yake ni ufundi, hilo la daktari ni jinsi watu wanavyomwita, ni heshima tu.

"Heshima haina leseni, baba," akasema yule dada. "Udaktari una leseni. Wewe ni daktari au si daktari?"

Lilikuwa swali rahisi. Mjomba akasema kwamba anafanya kazi karibu sana na daktari. Akasema kwamba bila yeye daktari hawezi. Akasema mengine, na kila alichosema kilizunguka kilipotoka kikarudi palepale, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Yule dada akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba akiipokea barua kama ilivyo, atakuwa amepokea mtu anayedai udaktari bila leseni, na hilo lina kifungu chake cha sheria. Aende akalete barua iliyoandikwa na mwajiri mwenyewe, inayosema kazi yake halisi. Dirisha linafungwa saa tisa alasiri, na miadi ni ya leo tu. Barua ya kwanza hakuturudishia. Aliiweka pembeni chini ya kalamu yake.

Mjomba alitembea hadi kituoni bila kuniangalia, halafu akaanza kukimbia, na suti ile ikaachia uzi kwapani. Tulibadilisha basi mara mbili. Ndani ya basi alinieleza kwamba yule dada ni mtu wa makaratasi, haelewi maisha. Vituo viwili baadaye akasema pengine angeandika Daktari mara moja tu. Alipokuwa haongei alikuwa anasaga meno yake mwenyewe, yeye anayewakataza watu wasifanye hivyo.

Bosi alikuwa na mgonjwa, mzee mmoja aliyelazwa kinywa wazi, pamba imejaa mashavuni. Mjomba alisimama mlangoni akazungumza kwa kunong'ona. Bosi hakunong'ona. Alitaka kuona nakala. Mjomba alikuwa nayo, akampa. Bosi akaisoma kwa sauti, pale pale juu ya kichwa cha yule mzee, kuanzia tarehe hadi sahihi, na kila alipofika kwenye lile neno alitua kidogo. Mzee alikuwa anageuza macho, mara kwa bosi, mara kwa mjomba.

Nilidhani atamtukana. Badala yake alivuta kiti akakaa, akavua glavu.

"Wagonjwa wakikuita Daktari unaitika, nakusikia kila siku na sijakukataza," alisema. "Lakini hii sahihi ndiyo leseni yangu. Nimeweka leseni yangu chini ya kitu ambacho sikukisoma. Hilo ni kosa langu. Na wewe unalo lako."

Mjomba akasema ndiyo, bosi. Akaomba aandike mpya haraka aje asaini. Bosi akakataa, ataiandika mwenyewe. Akamuuliza ametengeneza seti ngapi tangu aanze pale. Mjomba hakujua. Bosi akaenda chumba cha nyuma, na mimi nikafuata hadi mlangoni. Kwenye rafu kulikuwa na taya za jasi, juu hadi darini, kila moja na kikaratasi chake, zimepangana kama watu wanaopigwa picha ya shule. Bosi alisimama akaziangalia kwa muda. Nafikiri hakuwa ameingia pale kwa siku nyingi, maana kazi ilikuwa inamfikia kwenye sahani.

Akaandika kwa mkono wake, kwa sababu kompyuta ilikuwa kwa karani, na karani alikuwa amekwenda kula na ufunguo wa ofisi. Mhuri nao ulikuwa ndani ya ofisi hiyo. Tukangoja. Saa sita na nusu. Saa saba kasorobo. Mjomba alishuka ngazi kuangalia kama karani anakuja, akapanda, akashuka tena. Yule mzee wa pamba alikuwa bado amelala, akainua kidole kuuliza kama amesahauliwa, na bosi akaenda kummalizia. Karani akarudi saa saba na robo akitafuna, na mjomba akampokonya ufunguo bila hata salamu.

Niliisoma ile barua ndani ya basi, juu ya bega lake. Ilikuwa fupi. Haikuwa na neno mchapakazi wala mwaminifu. Ilisema huyu ni fundi wa meno bandia, ameifanya kazi hiyo kwangu miaka sita, na kosa la barua ya kwanza ni lake kwa kuandika na ni langu kwa kusaini. Mwishoni ilisema: "Mimi nang'oa. Yeye ndiye anayerudisha." Mjomba aliisoma hadi tuliposhuka, na niliona midomo yake inacheza.

Tulifika saa nane na dakika arobaini. Mlinzi akasema namba yetu imeshapita. Kumbe Baba Pacha alikuwa bado ndani, anangoja kupigwa picha. Akaja mlangoni akamwambia mlinzi amwache daktari apite, ana barua mkononi. Mlinzi akatupisha. Kwa hiyo tuliingia kwa lile lile neno, na Baba Pacha akatusindikiza hadi dirisha la sita, akasimama nyuma yetu kama ndugu.

Yule dada akasoma barua mpya. Akasema ni nzuri, lakini anataka mwombaji aseme mwenyewe, halafu aandike maelezo mafupi aweke sahihi. Akamuuliza swali lile lile la asubuhi.

Mjomba akajibu kwa sauti ya chini. Yule dada akaweka mkono sikioni, akaonyesha kioo. Hasikii.

"Mimi si daktari," akasema mjomba, na safari hii sauti ilijaa chumba. "Sijawahi kuwa. Ni fundi. Natengeneza meno ya kuvaa."

Viti vya chuma viliacha kutetemeka. Yule mama mwenye mtoto, aliyetupisha asubuhi, aligeuka akamtazama mjomba kuanzia juu hadi chini. Mjomba shingo yake ilikuwa imesimama, lakini masikio yalikuwa yameiva.

Baba Pacha akasogea hadi ubavuni kwa mjomba. Kisha akauliza, polepole, "Na ile dawa ya kikohozi?"

"Asali na maji ya moto, jirani. Hata bibi yako angekwambia."

"Watoto walipona lakini."

"Wangepona tu."

"Na meno ya mama yangu?"

"Hayo ni yangu."

Baba Pacha akafikiri. Akasema meno yale mama yake anavunjia mifupa, basi yaishe hayo. Lakini hakumwita kitu chochote; alitaka kumwita, nikaona mdomo unafunguka, akakosa jina la kuweka.

Mjomba akaandika maelezo yake, mistari mitano, kalamu ya serikali iliyofungwa kwa kamba ikimkatisha kila anapofika ukingoni. Akaweka vidole kwenye mashine, nami nikaweka vyangu. Yule dada akagonga mhuri wa kupokea: saa nane na dakika hamsini na sita. Tukapewa risiti. Hapo mjomba akaomba jambo moja, arudishiwe ile barua ya kwanza. Dada akatikisa kichwa. Kilichopokelewa dirishani hakitoki, akasema; zote mbili zinapanda juu, na huko juu atazisoma mtu mwingine, si yeye. Jibu ni kati ya miezi minne na tisa.

Akazikusanya karatasi zote, akazibana, faili likaingia kwenye kitoroli pamoja na mengine, na kitoroli kikasukumwa mlango wa nyuma.

Nje mjomba hakutaka kwenda nyumbani. Wala kazini. Tulitembea hadi kituo cha kwanza tukakipita, tukafika cha pili. Alikuwa ameshika risiti mkononi, hajaiweka hata mfukoni. Kisha akasimama katikati ya njia, mtu wa baiskeli akamkwepa.

"Mpwa wangu, wewe huwa unaangalia vitu. Ipi ilikaa juu? Mpya au ile ya zamani?"

Nilikuwa nimeangalia. Yule dada aliiweka mpya juu. Lakini kabla ya kuzibana alizigeuza zote pamoja, akazigonga mezani zilingane, akazigeuza tena, au hakuzigeuza. Mkono wake ulikuwa umeziba.

"Mpya," nikamwambia.

"Una hakika?"

Nikasema ninayo. Akatembea. Akaniuliza tena tuliposhuka kwenye basi, na kesho yake asubuhi akaja mlangoni kwangu na mswaki mdomoni, povu linamtiririka, akaniuliza tena.