Kikande Mkubwa Ale Kwanza

Samaki walifika Kabalagala, hapa Kampala, asubuhi, kwa basi lililotoka Kenya, kila mmoja katika mfuko wake wa plastiki uliojaa maji na hewa. Mwenye duka la samaki wa mapambo, Mkongo wa Goma ambaye sote tulimwita Papa, alikata utepe wa sanduku lao kwa kisu, akainua mifuko miwili kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kwa muda. Nilisimama kando na ndoo yangu.

"Yote mbili iko jike," alisema mwishowe.

"Umejuaje, Papa?"

"Angalia koo."

Nilitazama koo na sikuona kitu. Kumbe kutoona kitu ndiko kulikokuwa jibu. Hawa walikuwa vikande, samaki wa baharini wenye ngozi ngumu, na kwa aina hii dume ana doa la buluu linaloanzia chini ya mdomo mpaka shavuni, kama mtu aliyelamba wino, na mapezi yake yana ukingo wa njano. Jike ni kijivu, na ukingo wa mapezi yake ni wa rangi ya damu iliyokauka. Papa aliniambia kuna vikande wengi ambao unaweza kuwatazama mwaka mzima na usijue yupi ni yupi. Hawa walau wanaonyesha.

Tatizo ni kwamba mteja aliagiza dume na jike. Mteja mwenyewe alikuwa daktari wa meno, mama wa Kikenya mwenye kliniki Wandegeya, na tangi lilikuwa nyumbani kwake mlimani. Nilidhani Papa atapiga simu kulalamika. Badala yake alipima samaki kwa vidole juu ya plastiki. Mmoja alikuwa na urefu wa kiganja changu pamoja na vidole. Mwingine alipungua kwa vidole viwili.

"Hii mbili itakaa pamoja. Ile kubwa itaona hakuna bwana ndani ya nyumba. Itakuwa bwana yeye mwenyewe."

Nilicheka.

"Unacheka nini?"

"Sicheki, Papa. Nauliza. Itakuwaje bwana?"

"Namna gani, sijui. Nimeona mara mbili. Mara ya tatu ilikataa." Alinitazama juu ya miwani. "Nyumba ya daktari ni yako. Magoti yangu imechoka na hizi milima. Kama hawa watakaa vizuri, nitakupa nyumba zote za wateja. Kama moja itaua ingine, unarudi kwa ndoo."

Nilikuwa nimekaa na ndoo hiyo miaka sita, nikisugua vioo na kumwaga maji machafu. Nilizitaka hizo nyumba. Na zaidi ya hapo, nataka kusema ukweli, nilitaka kuona kama samaki anaweza kubadilika mbele ya macho yangu.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa askari polisi. Tulizaliwa kambini, ndiyo maana Kiswahili ndicho lugha ya kwetu, ingawa baba alikuwa mtu wa kaskazini na mama Muganda. Baba alipofariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, tulihama, kwa sababu nyumba ya kambi ni ya askari, si ya watoto wake. Nilikuwa Senior Two, yaani kidato cha pili. Wadogo zangu walikuwa watatu. Sikurudi shule.

Katika chumba tulichopanga, sufuria ilikuwa moja na sheria ilikuwa moja: kitinda mimba apakuliwe kwanza, kisha anayemfuata, kisha anayemfuata huyo, mimi mwisho. Kitinda mimba wetu alikuwa mwembamba wa kutisha, na kipande cha nyama kikiwepo kilikuwa chake. Sheria hiyo ilitufikisha wote wanne ukubwani. Sikuwahi kuifikiria tena. Ilikaa mikononi mwangu.

Tangi la daktari lilikuwa refu kuliko kitanda changu. Bahari yenyewe tuliikoroga kwa mikono, chumvi maalumu ndani ya maji yaliyochujwa, tukipima mpaka ifike. Nilimweleza daktari maneno ya Papa, naye akasimama kutazama nikiwaachia samaki.

"Kwetu kikande huchunwa ngozi kama mbuzi ndipo aingie chunguni," alisema. "Shangazi yangu akisikia nimemnunua hai, tena namtafutia mume, atanipeleka kwa mganga."

"Na kwa nini umemnunua, daktari?"

"Mwanangu, nimeng'oa meno ya watu miaka thelathini. Nikifika nyumbani nataka kutazama kiumbe ambaye hapigi kelele."

Sikumwambia kwamba kikande hukoroma akikasirika. Aliligundua mwenyewe wiki ile ile.

Kabla hata sijafunika tangi, yule mdogo alijitupa ndani ya tundu la jiwe na kusimamisha mwiba wa mgongoni. Papa alikuwa amenifundisha: mwiba wa kwanza ukisimama, wa pili nyuma yake huuzuia kama komeo la mlango, na hapo hakuna wa kumvuta atoke. Ukibonyeza ule wa pili, wa kwanza unalala. Nilipenda sana kujua hilo. Nilimwonea pia huruma, mgeni amejifungia chumbani siku ya kwanza.

Basi kila asubuhi niliwalisha, vipande vya kamba na ngisi. Nilimwita mdogo pembeni kushoto kwa kugonga kioo kwa ukucha. Alijifunza siku ya tatu. Akishiba ndipo nilipomwaga kilichobaki kwa mkubwa. Nilibandika plasta kwenye kioo, nikachora mistari kwa kalamu, ili wakipita nijue urefu wao. Kila nilipomaliza niliwasha tochi ya simu na kumulika koo la mkubwa. Kijivu. Wiki baada ya wiki, kijivu.

Mistari ya plasta ndiyo iliyosogea. Vidole viwili vikawa kimoja. Nilifurahi, nikamwambia daktari mdogo anakua vizuri. Katika mwezi wao wa nne tangini walipita mbele ya plasta pamoja, pua kwa pua, mkia kwa mkia.

Wiki hiyo hiyo vita vilianza. Nilikuta pezi la mkia la mmoja limeraruka kama kitambaa, na mwingine ana alama nyeupe ubavuni. Walizunguka wakikoroma. Siku ya pili, yule niliyezoea kumwita mdogo alikuwa amejifungia tunduni na hakutoka hata nilipogonga. Siku ya tatu vilevile.

"Wamekosana nini?" daktari aliuliza, ameshika chai yake.

"Sijui, daktari."

"Mimi sitaki kumzika mtu hapa. Mmoja akifa, umrudishie Papa wako mwingine na tangi lake."

Nilimpigia Papa. Alipanda mlima polepole, akashusha katikati ya tangi kioo cha plastiki chenye matundu, mmoja huku, mmoja kule. Kisha akasoma plasta yangu, akatikisa kichwa.

"Iko sawasawa. Nilikupa mkubwa na mdogo, sasa uko na wakubwa wawili. Kila moja anataka kuwa bwana. Kwa nini imekuwa sawasawa?"

Nilimweleza kuhusu maji, joto na umeme uliokatika mara mbili. Alisikiliza, akasema, "Tafuta sababu. Nakupa mwezi moja," kisha akaanza kushuka na magoti yake.

Sababu niliipata Jumapili, kwenye sahani. Mdogo wangu anayenifuata, ambaye anasoma chuo na kulala hosteli Wandegeya, huja kwangu kula siku hiyo. Nilimsimulia habari yote wakati nikipakua posho, ugali wa huku, na maharage. Aliposikia nagonga kioo kumwita mdogo kwanza, aliweka kijiko chini akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, umewalisha kama sisi."

"Kama nyinyi vipi?"

"Umesahau? Mimi nilikuwa mkubwa baada yako. Nyama ilinipita hivi." Alipitisha kidole mbele ya pua yake. "Niliitazama ikienda kwa mtoto. Miaka saba nimekula mchuzi wenye harufu ya nyama."

"Mtoto alikuwa anaumwa."

"Alikuwa anaumwa mwaka wa kwanza. Baadaye alikuwa mnene kuliko mimi, tukapigana kila siku. Hukuona?"

Niliona. Nilidhani ni utundu.

"Sikulaumu, dada," alisema, akachukua kijiko. "Ila hao samaki hawana haja ya kuwa sawa."

Kesho yake nilianza kinyume. Mkubwa alikula kwanza na alikula mara tatu kwa siku. Daktari alikubali kumwaga fungu la jioni. Upande wa pili wa kioo, mdogo alipata cha kumtosha tu. Kila asubuhi alikuja pembeni kushoto na kunitazama kwa yale macho ya kikande, ambayo huzunguka moja moja, na mkono wangu ulikuwa mzito. Mara moja nilikaribia kumdondoshea kipande cha ziada. Nilikirudisha kwenye bakuli. Nilikuwa nimeshika sheria moja maisha yangu yote, na sasa nilijifunza kwamba kushika nyingine kunahitaji nguvu ile ile.

Mwezi ulipokwisha, mkubwa alikuwa amezidi kwa kidole kimoja na nusu. Niliinua kioo cha katikati mbele ya daktari na Papa. Mkubwa alimfukuza mwenzake mzunguko mmoja, akakoroma. Mdogo aliingia tunduni, akafunga komeo lake. Baada ya muda mwiba ukalala, akatoka kidogo kidogo, akajilaza ubavu mbele ya mkubwa. Mkubwa alimpita na kwenda kutafuta chakula.

"Basi," Papa alisema. "Sasa ngoja."

Nilingoja wiki tisa. Asubuhi moja tochi ilionyesha kitu chini ya mdomo wa mkubwa, kivuli tu. Nilikaa siku nne bila kumwambia mtu, nikihofia ni mwanga wa simu. Siku ya tano kilikuwa buluu, na ukingo wa mkia ulikuwa umeanza kuwa wa njano. Kama alikuwa jike akageuka, au alikuwa dume mchanga aliyejificha tangu mwanzo, Papa hajui na mimi sijui. Naendelea kuuliza kila mtu anayefuga.

Papa alipoona, alinyoosha mkono. "Leta ndoo."

Niliporudi dukani nilimpa. Siku hizi nina nyumba saba.

Mdogo wangu wa chuoni alikuja kutazama. Alimulika koo lile la buluu, akasema, "Ungenipa ile nyama mapema, sasa ningekuwa na ndevu."

Kikande mdogo bado huja pembeni kushoto kila asubuhi na kungoja. Ninamwona. Ninampa mkubwa kwanza, kisha nagonga kioo kwa ukucha.