Nilivyokwenda kuposa Nshamba na baiskeli ya mashindano

Wakuu, marahaba kabla hamjanisalimia. Sidhani kama humu ndani kuna anayenizidi umri, na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Ninachosimulia ni kweli tupu. Aliyekuwepo siku ile, kama bado yu hai, aje anisute hapa hapa.

Enzi zenyewe ni za Mwingereza. Mimi kijana, karani wa kupima kahawa Bukoba mjini. Kaptula nimeipiga pasi mpaka mkunjo unatisha. Nimesoma shule ya misheni, Kiingereza ninacho, na kila mtu alijua ninacho kwa sababu nilimwambia.

Nyie mnaotucheka Wahaya "nshomile, nshomile", yaani "nimesoma, nimesoma", leo chekeni kwa raha zenu. Nawapa ruhusa.

Nilikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, ya kawaida kabisa. Nyuma ina keria ya chuma. Keria ile ilibeba mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na shangazi yangu. Kuna mahali ilikatika nikaifunga kwa waya mwekundu, kwa mkono wangu mwenyewe. Ukumbukeni huo waya.

Siku moja dukani nikaona katalogi kutoka Uingereza. Baiskeli ya mashindano, toleo jipya!

Ukurasa ule niliukariri kuliko katekisimo. Fremu imefupishwa. Gurudumu la nyuma limevutwa karibu na kiti. Foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imesimamishwa zaidi, ili baiskeli igeuke upesi. Kiti kipo juu, hendeli ipo chini, imepinda kama pembe za kondoo. Madigadi hakuna. Keria hakuna, na hata tundu la kuifungia hakuna.

Kila badiliko nililisoma kwa sauti ofisini. Wenzangu walikoma.

Nikaagiza. Ile nyeusi nikamuuzia Mwalimu Eliya wa Kemondo, mtu mpole, ambaye Kiingereza chake alikitumia darasani tu. Nilimwonea huruma.

Mzigo uliposhuka melini nikaupeleka Miembeni kwa Fundi Salumu, mzee ambaye babake alitoka pwani. Akaiunga, akaizunguka mara mbili. Kisha akaweka pedeli mbele na kuigeuza hendeli.

"Karani, tazama hapa. Ukiwa mbio haina neno. Ila ukienda polepole ukakata kona, ncha ya kiatu inagusa gurudumu la mbele, na wewe uko chini. Hii imeundwa kwa mtu mwenye haraka zake."

Nikamjibu kwa Kiingereza. Fundi Salumu hajui Kiingereza. Ndiyo maana nilimjibu kwa Kiingereza.

Sasa niwaambie jambo lenyewe.

Kulikuwa na binti anaitwa Kokushubila, Koku kwa kifupi, wa Ta Kaijage, yaani Mzee Kaijage, wa Nshamba. Alikuja Bukoba na kwaya ya kanisa lao, nikamwona, nikaisha. Nilimpenda, wakuu. Leo nina vitukuu na bado nalisema.

Mshenga wangu akaniletea habari. Ta Kaijage yuko tayari kuniona Jumapili, baada ya ibada. Nije mwenyewe na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kilichojaa mpaka shingoni, nimkabidhi kwa mikono miwili. Akikipokea, binti ni wangu. Asipokipokea, kuna mposaji mwingine ameshatuma salamu.

Mposaji mwingine ni nani? Mwalimu Eliya.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Eliya? Na lile lichuma langu?

(Ta Kaijage alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri hasa. Rubisi aliiita maji ya ndizi, na aliyanywa kwa utaratibu, baada ya baraka.)

Jumapili alfajiri nikaondoka. Keria hakuna, basi kibuyu nikakifunga mgongoni kwa shuka kama mtoto. Sasa baiskeli ile inakuinamisha, kichwa chini, makalio juu. Nikiinama, na kibuyu kinainama. Rubisi ikaanza kunidondoka shingoni, tone kwa tone, kutoka Bukoba. Kufika Kemondo nina nyuki.

Hapo Kemondo bibi mmoja akaniona nimeinama vile, akaweka kikapu chini kwa huruma.

"Omwana wange, umepoteza nini? Tukusaidie kutafuta?"

Sikumjibu. Nilikuwa kwenye spidi.

Muleba, kisha mlima wa kupandisha Nshamba. Nilifika mapema, nimelowa, nanukia kama sherehe. Kibuyu kilikuwa kimepungua kidogo, lakini nilijua nitasema ni joto.

Kila Mhaya anajua: ukifika kwa wakwe unashuka kule mwanzo wa njia, unaingia kwa miguu, taratibu, macho chini. Hata mwizi wa kuku kwetu anajua.

Mimi nikawaza: nikishuka kule, wataionaje?

Nikaingia juu ya baiskeli. Uani wamejaa watu. Ta Kaijage kwenye kiti, viatu vya ibada vinang'aa. Kina mama kwenye majani. Koku mlangoni. Nikaona nizunguke ua mara moja, polepole, ili kila mtu aione fremu kwa pande zote.

Polepole, wakuu. Nikakata kona.

Kiatu kikagusa gurudumu.

Mawe, mama yangu! Nilipofumbua macho niko miguuni pa mkwe, kibuyu kimepasuka mgongoni, na rubisi yote inaingia kwenye vile viatu vya ibada. Kuku mmoja akaja kuonja.

Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi, nikiwa bado chini, nikasema: "Sir, the problem is the frame geometry," yaani kosa ni la umbo la fremu, si langu.

Kina mama wakaangua kicheko hadi mmoja akabebwa ndani.

Ta Kaijage hakucheka, wala hakukasirika. Aliinuka, akaizunguka baiskeli, akakigusa kile kiti chembamba kama ulimi. Akauliza kwa upole:

"Mwanangu, na mke ungemkalisha wapi?"

Nikatazama nyuma ya kiti. Nikatazama mbele. Kwa mara ya kwanza tangu nisome shule nilikosa la kusema, kwa Kiingereza na kwa Kihaya.

Koku alikuwa anacheka na wenzake. Akaniona uso, akaacha. Kule kuacha kwake kuliniuma kuliko goti. Kisha akaingia ndani na mlango ukafungwa.

Msimu wa kahawa uliofuata nilikuwa natelemka kwenda Kemondo, kasi yangu ile ile. Mbele naona baiskeli nyeusi inakwenda mwendo wa kinyonga. Mwalimu Eliya anakanyaga. Nyuma yake, amekaa upande, Koku, shuka jipya la bibi harusi mabegani. Mkono mmoja ameshika kiuno cha mumewe. Wa pili ameshika keria, pale pale kwenye waya mwekundu.

Nikawapita. Eliya, mpole vile vile, akaniita, "Safari njema, Karani!"

Ndiyo mashindano pekee niliyowahi kushinda na baiskeli ile, na nililia mpaka Bukoba.

Funzo? Ukiona kitu kipya, usiulize tu wameongeza nini. Uliza wameondoa nini, na kama ulikuwa unakihitaji. Na ukionywa na fundi, jibu kwa lugha anayoielewa.

Haya, uwanja ni wenu. Mliopoteza mchumba kwa sababu ya pikipiki, gari au simu, msione haya mbele ya mzee, semeni.

Na kama humu yupo mjukuu wa Mwalimu Eliya wa Kemondo: mwanangu, ile keria bado ipo? Nauliza tu.