Mawese Kwenye Mashine ya Vidole

Mimi si mtu wa maneno mengi, na hili nalo ningelificha, ila soko zima la Mpanda lilicheka, na nyie mtasimuliwa vibaya, kwa hiyo bora niseme mwenyewe.

Kaka yangu Zeki anaendesha bajaji. Alijiunga na mfuko wa hifadhi ya jamii, maana siku hizi hata sisi tusio na mwajiri tunaweza kuchangia kidogo kidogo kwa ajili ya uzee, na kwenye fomu akamwandika mama kuwa mrithi wake. Basi! Mama kwa majirani ni Zeki, kanisani ni Zeki, "Zeki ameniandika," na mimi ninayemletea kuni na maji kila siku nikawa kama kigoda. Roho iliniuma mpaka chakula kikakosa ladha (nilikimaliza, lakini bila raha).

Maofisa wa mfuko waliporudi na turubai lao sokoni, nikaamua nami nimwandike mama. Tatizo lilikuwa mikono. Mimi nafyatua tofali, vidole vimekauka na kusuguliwa mpaka mistari haionekani, na wao wana mashine ya kusoma alama za vidole. Nikawaza, ngozi ikipata mafuta mistari itarudi, asubuhi nikachovya mikono kwenye mawese ya mama, nikakaa hivyo mpaka saa tatu, nikajifuta kwa gazeti nikaenda.

Nilipoweka dole gumba, kioo cha mashine kikawa chekundu kwa mawese. Nikakifuta kwa shati (la kanisani, jeupe, nalo likaisha), kikazidi, halafu mashine ikazimika kabisa, na nyuma yangu foleni ndefu.

"Dogo, umekuja kujiandikisha au kukaanga?" dereva mmoja akauliza.

"Mwacheni, ametuletea mboga!"

Zeki, aliyekuwa amepaki pembeni, akaja na leso, akafuta kioo taratibu, kisha akanishika mikono akanifuta kidole kimoja kimoja kama mtoto, na akina mama wakasema, "Ona kaka mwenye upendo." Hapo wivu ukanipanda kichwani, nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga, "Dada ofisa, mfute huyu! Mama aandikwe kwangu peke yangu!"

Mama anauza dagaa hatua kumi tu kutoka pale. Akaja na ungo mkononi.

"Nyie wanangu," akasema, "hela ya mrithi si napewa mkifa? Sasa mnashindana nani afe kwanza?"

Watu walicheka mpaka wakashikiliana. Dada ofisa akapangusa machozi, akanieleza kwamba mama anaweza kuandikwa na watoto wake wote, hata wangekuwa saba. Mashine ilipowaka tena, kidole kidogo cha kushoto kikakubali, nikaandikishwa.

Sasa mama anawatangazia majirani, "Zeki na mdogo wake wameniandika." Na mdogo wake! Mimi naitwa Yona. Lakini nimenyamaza, maana nimeapa kwamba wivu wangu nitaumezea nyumbani, sitaubeba tena mpaka sokoni.