Himid na Wageni Wake Msituni Ngezi

Himid Kificho wa Msuka alikuwa na baiskeli ya milimani, kofia ngumu, glavu zisizo na vidole na kaptura ya kubana ambayo mkewe, Bi Moza, alimkataza kupita nayo mbele ya watu wazima. Alichokosa ni safari. Kila Ijumaa baada ya sala aliipakia baiskeli kwenye kigari cha mizigo mpaka ukingoni mwa msitu wa Ngezi, akapigwa picha, akarudi nayo vile vile. Picha zilikwenda kwa rafiki zake wa Unguja, Soud na Silima: "Leo nimeukatiza msitu wote. Matope ndiyo raha yenyewe!"

Masika yakiwa yamepamba moto, wawili hao wakabisha hodi, na baiskeli zao.

"Karibuni," alisema Himid. "Lakini mvua yote hii…"

"Nenda, baba," Bi Moza akadakia. "Wageni wamekuja kuona ushujaa, wasirudi hivi hivi."

Himid akatangulia, maana ndiye mwenyeji. Njia ilikuwa inateleza kama mlenda. Penye mzizi wa kwanza gurudumu lilikwenda kushoto, yeye kulia. Akainuka akisema alikuwa anaipima ardhi. Mara ya pili akadai amesimama kusikiliza ndege. Mara ya tatu aliporomoka hadi kijitoni, baiskeli juu yake, na uongo ukamwishia.

Akangoja kuchekwa. Alipogeuka, Silima alikuwa amekumbatia mti, baiskeli yake imo kichakani. Nyuma kabisa Soud alikuwa anakuja kwa miguu, viatu mkononi, akisoma Ayatul Kursiyyu.

"Mimi naendesha kwenye lami tu," alikiri Silima. "Tulitegemea utatufunza."

Himid alipata raha ambayo hakuwahi kuipata juu ya baiskeli. Wakazisukuma baiskeli zao hadi nje ya msitu, wakanawa nyuso, matope ya migongoni wakayaacha kwa makusudi, na wakapatana la kusema.

Nyumbani Bi Moza aliwamiminia chai, akawasikiliza kwa adabu kubwa.

"Tukauteremka ule mlima mkali," alisema Soud, "breki hatuzigusi!"

"Ngezi hiyo hiyo ya tambarare? Mlima upi, shemeji?"

Soud akamtazama Himid. Himid akamtazama Silima. Silima akaomba aongezewe sukari.